New Orleans: vivutio, akina mama, na mbu wa kwenye pipa

SEHEMU YA 1: Leo tunaenda wapi

 

Dada mmoja anayeishi Houston alinitumia picha za familia yake wakitembea New Orleans, mji wa zamani wa kusini mwa Marekani wenye asili ya Kifaransa. Picha nzuri kweli: roshani za chuma zenye maua, tramu za kijani, watoto wamejipaka sukari mdomo mzima. Halafu akaniuliza: "Nesi, hivi kwa nini makaburi ya huku wameyajenga juu ya ardhi kama vinyumba?"

Nikaona nisimjibu yeye peke yake. Swali lile lina jibu refu, na ndani yake kuna homa, maji, masista, mama mmoja muuza mikate, na mbu ambaye inawezekana kabisa yuko nyumbani kwako muda huu unaposoma.

Kwa hiyo leo tunatembea mji ule kivutio kwa kivutio. Walioko Marekani mtapata pa kuwapeleka watoto. Tuliopo nyumbani tutapata la kufanya kabla jua halijazama. Weka chai yako pembeni, twende.

SEHEMU YA 2: Uwanja wa katikati ya mji

Anza Jackson Square. Ni bustani ndogo mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Louis, lile lenye minara mitatu unaloliona kwenye kila picha ya New Orleans. Mto Mississippi uko hatua chache tu kutoka hapo.

Mji ulianzishwa mwaka 1718 na Mfaransa aitwaye Bienville. Wakati huo mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alikuwa bado mtoto, na aliyeshika madaraka kwa niaba yake ni Philippe wa Orléans. Jina la mji limetoka kwake. Mwaka 1721 mhandisi Adrien de Pauger akachora mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu, na mitaa hiyo ndiyo watalii wanaikanyaga mpaka leo. Sehemu hiyo inaitwa French Quarter, yaani mtaa wa Wafaransa.

Ila ukifika, usidanganywe na jina. Nyumba nyingi unazoziona pale si za Wafaransa. Mwaka 1762 Ufaransa iliikabidhi Hispania eneo hilo. Tarehe 21 Machi 1788, siku ya Ijumaa Kuu, mshumaa uliowashwa nyumbani kwa mtu uliunguza pazia, na moto ukala majengo zaidi ya 800. Mwaka 1794 ukaja moto mwingine. Baada ya hapo Wahispania wakasema mbao basi, sasa ni matofali, na ndiyo maana unaona kuta nene na ua wa ndani. Kisha Ufaransa ikarudishiwa eneo, na mwaka 1803 ikaliuza lote kwa Marekani kwa dola milioni 15. Makabidhiano yalifanyika ndani ya jengo la Cabildo, lililo pembeni ya kanisa hilohilo. Leo ni makumbusho.

Kingine cha kukumbuka: mji umejengwa kwenye ardhi ya matope, kati ya mto mkubwa na ziwa. Sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Maji yako kila mahali, halafu maji safi ya kunywa yalikuwa shida. Mto ulikuwa na tope, na visima vifupi vilikuwa vichafu. Basi watu wakafanya kama tunavyofanya sisi: wakakinga mvua. Karibu kila nyumba ikawa na tangi kubwa la mbao uani, limeunganishwa na mfereji wa paa.

Hilo tangi liweke akilini. Tutalirudia.

SEHEMU YA 3: Nyumba ya masista, mtaa wa Chartres

Kutoka uwanjani tembea kidogo kwenye mtaa wa Chartres mpaka nyumba ya zamani ya masista wa Ursula. Ilikamilika miaka ya 1750 na ni miongoni mwa majengo ya kale kabisa yaliyobaki katika bonde lote la Mto Mississippi. Moto wa 1788 uliiruka.

Masista hawa walifika kutoka Ufaransa mwaka 1727. Fikiria safari ya miezi baharini kwa tanga, halafu unashukia kwenye matope na mbu. Walikuja kwa kazi mbili: kuhudumia hospitali ya wanajeshi na kufundisha wasichana. Mmoja wao, Sista Francis Xavier Hébert, alikuwa anatengeneza dawa, na wanahistoria wengi humtaja kama mwanamke wa kwanza kufanya kazi ya ufamasia katika nchi ambayo baadaye ikawa Marekani. Mwaka 1729, vita vilipotokea kati ya Wafaransa na watu wa Natchez, mayatima waliletwa kwa masista hao hao.

Walifundisha mabinti wa Kizungu, mabinti wa Kiafrika na mabinti wa wenyeji wa Amerika. Lakini historia haina haja ya kupakwa poda: masista hao pia walimiliki watumwa. Mkono uliomfunga mgonjwa bendeji ulikuwa wa nyumba inayohudumiwa na mtu asiye huru. Ukiwa na mtoto wa darasa la tano au la sita, mwambie yote mawili. Ataelewa.

Meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika moja kwa moja zilifika eneo hilo mwaka 1719, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Wengi wa miaka ile ya mwanzo walitoka upande wa Senegali na Gambia. Miaka mia moja baadaye New Orleans ilikuwa soko kubwa kuliko yote la watumwa nchini Marekani. Mauzo yalifanyika mpaka kwenye hoteli za kifahari, chini ya kuba lililonakshiwa vizuri, wateja wakiwa na vinywaji mkononi. Sheria ya Louisiana ilikataza kumtenganisha na mama yake mtoto wa chini ya miaka 10 kwa kumuuza. Mama, soma tena sentensi hiyo. Maana yake mtoto akitimiza 10, basi.

SEHEMU YA 4: Homa yenyewe

Sasa tuingie kwenye kazi yangu.

Zile meli zilibeba watu, na kwenye mapipa yao ya maji ya kunywa zilibeba abiria asiyelipa nauli: mbu aina ya Aedes kutoka Afrika, pamoja na virusi vya homa ya manjano. Mbu huyu hapendi dimbwi la tope. Anapenda maji yaliyotulia ndani ya chombo, karibu na watu. Akashuka bandarini New Orleans, akakuta kila nyumba ina tangi la mbao la maji ya mvua. Jamani, alikuta kila kitu kipo tayari.

Homa ya manjano huanza kama homa nyingine: joto kali, kichwa, mgongo, kutapika. Wengi hupona hapo. Lakini kwa baadhi, baada ya nafuu ya siku moja au zaidi, inarudi kwa hasira. Macho na ngozi vinakuwa vya njano kwa sababu ini limeumia, damu inatoka kwenye fizi na puani, na matapishi yanakuwa meusi kwa damu iliyoganda.

Kati ya mwaka 1817 na 1905 ugonjwa huu uliua zaidi ya watu 40,000 New Orleans. Mwaka mbaya kuliko yote ulikuwa 1853: karibu watu 8,000 ndani ya majira ya joto mamoja. Zipo siku za Agosti walizikwa zaidi ya 200 kwa siku. Wachimba kaburi hawakutosha.

Watu walidhani ni hewa mbaya. Kwa hiyo wakuu wa mji wakaamuru mizinga ipigwe mitaani na lami ichomwe usiku ili moshi usafishe hewa. Wagonjwa wakapata mshtuko wa milio, na mbu akaendelea na shughuli zake kwenye tangi. Tena mwanzoni magazeti na wafanyabiashara walinyamaza kimya, kwa sababu habari ya homa ingefukuza meli na wateja. Wenye uwezo wakaondoka. Maskini wakabaki.

Waliokufa zaidi walikuwa wageni, hasa wahamiaji kutoka Ireland na Ujerumani. Mwenyeji aliyewahi kuugua utotoni na akapona alikuwa na kinga ya maisha yake yote. Mgeni hakuwa nayo. Ndiyo maana homa ile ilikuwa na tabia ya kuchukua baba na mama waliotoka melini juzi, na kuacha watoto wamekaa peke yao ndani.

SEHEMU YA 5: Makaburi na duka la dawa

Dada wa Houston, hili ndilo jibu lako.

Makaburi ya Mtakatifu Louis Na. 1 yalifunguliwa mwaka 1789. Ndiyo hayo yenye vinyumba vyeupe vya matofali. Sababu ya kwanza watu wanayoitaja ni maji: ukichimba kidogo tu unakutana nayo. Sababu ya pili ni desturi, kwani Wafaransa na Wahispania walikuwa na mila ya kuzika kwenye vinyumba vya familia. Jua la kule linapasha matofali joto kali, mwili unabaki mifupa haraka, na desturi ni kutofungua kaburi mpaka upite mwaka mmoja na siku moja. Kisha mifupa inasogezwa, na mtu mwingine wa familia anaingizwa humohumo. Kijumba kimoja kinaweza kulaza vizazi vingi.

Watalii wengi wanakwenda kutafuta kaburi la Marie Laveau, mwanamke maarufu wa mambo ya voodoo. Mimi ningekuomba uulizie pia la Homer Plessy, fundi viatu aliyekaa makusudi kwenye behewa la Wazungu mwaka 1892 ili kupinga ubaguzi. Alishindwa mahakamani mwaka 1896, na ilichukua zaidi ya nusu karne hukumu ile kupinduliwa. Kumbuka tu, tangu mwaka 2015 huruhusiwi kuingia makaburini hapo bila mwongozaji mwenye leseni, kwa sababu watu walikuwa wanaharibu makaburi.

Kisha rudi mtaa wa Chartres namba 514, kwenye Makumbusho ya Famasia. Hapa palikuwa duka la Louis Dufilho, anayetambuliwa kuwa mfamasia wa kwanza nchini Marekani kupewa leseni, mwaka 1816. Utaona vyupa, misumeno ya upasuaji, na chombo cha kuwekea ruba wa kunyonya damu. Zama zile mgonjwa wa homa ya manjano alitolewa damu, akapewa dawa yenye zebaki ya kumharisha. Mtu anatoka damu, nawe unamtoa nyingine!

Usicheke sana lakini. Miaka hiyohiyo kulikuwa na dawa za maji za kutuliza watoto wachanga wanaoota meno, zinauzwa dukani bila shida, na ndani yake kuna mofini. Mtoto alinyamaza kweli. Wengine hawakuamka. Nalisema hili kwa sababu bado nakutana na mama anayempa mtoto dawa ya mafua ili alale usiku, na yeye apumzike. Najua uchovu ulionao. Lakini dawa inayomlaza mtoto mchanga inaweza kulaza na upumuaji wake. Kama halali, njoo kituoni tumwangalie kwanza.

SEHEMU YA 6: Congo Square na sokoni

Tembea sasa mpaka mtaa wa Tremé, kwenye bustani yenye jina la Louis Armstrong. Ndani yake kuna uwanja uliotandazwa mawe unaoitwa Congo Square.

Sheria ya Kifaransa ya 1724 iliwapa watumwa siku ya Jumapili wasifanye kazi. Wakawa wanakutana, wanacheza ngoma, wanaongea lugha zao, wanauza vitu. Mwaka 1817 wakuu wa mji wakaamua mikutano hiyo ifanyike mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni hapa. Midundo iliyohifadhiwa uwanjani hapo ni moja ya mizizi ya muziki wa jazi.

Lakini ukiwa mama, angalia zaidi upande wa biashara. Wanawake walikuwa wanauza vyakula walivyopika, vikiwemo vitu viitwavyo calas: wali uliopikwa ukachanganywa na unga, hamira na sukari, ukakaangwa kwenye mafuta. Yaani ndugu wa kitumbua. Chini ya utawala wa Wahispania mtumwa alikuwa na haki ya kujinunua akipata fedha, na wengi waliofanya hivyo walikuwa wanawake. Wapo walioweka senti kwa senti, wakajitoa wao, kisha wakarudi kununua watoto wao. Siku nyingine ukiona mama anauza vitumbua asubuhi barabarani, kumbuka kazi hiyo imewahi kununua uhuru wa watu.

Ukitoka hapo shuka kwenye French Market, soko lililopo tangu 1791. Karibu yake kuna mgahawa wa Café du Monde, ulioanza 1862, unaouza kahawa ya maziwa na maandazi ya mraba yaliyofunikwa na sukari ya unga. Huko wanayaita beignets. Hapo ndipo watoto wa dada wa Houston walipojipaka sukari.

Jaribu pia gumbo, mchuzi mzito wa kule unaoliwa na wali. Jina lenyewe limetoka kwenye lugha za Kibantu za upande wa Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Kwa hiyo ukila gumbo unakula neno la binamu zetu. Na Jumatatu wenyeji hula maharage mekundu na wali, kwa sababu zamani Jumatatu ilikuwa siku ya kufua: unabandika maharage, yanachemka polepole huku unafua. Nani kati yetu hajui akili hiyo?

SEHEMU YA 7: Wanawake wawili wa kuwaonyesha binti zako

Wa kwanza ni Henriette Delille. Alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika, wa familia yenye nafasi. Wasichana wa hali yake mara nyingi waliandaliwa kuwa wapenzi wa kando wa wanaume matajiri wa Kizungu. Yeye alikataa. Mwaka 1842 akaanzisha shirika la Masista wa Familia Takatifu. Walihudumia wagonjwa, wazee waliotelekezwa na mayatima, na kuwafundisha dini watumwa. Alifariki 1862. Mwaka 2010 Kanisa Katoliki lilimpa hadhi ya Mheshimiwa, hatua mojawapo kuelekea utakatifu.

Wa pili ni Margaret Haughery, na huyu ana sanamu. Alizaliwa Ireland, akaletwa Marekani akiwa mdogo, na wazazi wake wote wawili wakafa kwa homa ya manjano kule Baltimore. Yatima akiwa na miaka 9. Alipokua akaolewa, akahamia New Orleans mwaka 1835, akapata mtoto wa kike. Ndani ya muda mfupi mume akafa, na mtoto akafa.

Hakujua kusoma wala kuandika. Akaanza kufua nguo hotelini. Akanunua ng'ombe wawili, akawa anasukuma mkokoteni wa maziwa mtaani. Ng'ombe wakaongezeka mpaka kama 40. Kisha akamiliki kiwanda cha mikate kikubwa. Na muda wote huo faida ilikuwa inakwenda kwa mayatima: maziwa, mikate, majengo. Homa ya 1853 ilipoacha watoto bila wazazi, yeye alikuwa anajua hasa maana yake. Alifariki mwaka 1882 na akaacha mali yake kwa vituo vya mayatima vya dini mbalimbali. Wosia huo aliutia alama ya X, kwa sababu jina lake hakuweza kuliandika.

Mwaka 1884 mji ukamjengea sanamu ya marumaru, miongoni mwa sanamu za mwanzo za hadharani kumuenzi mwanamke nchini Marekani. Amekaa kwenye kiti, amemshika mtoto. Chini wameandika jina moja tu: Margaret. Panda tramu ya St. Charles, ambayo njia yake inafanya kazi tangu mwaka 1835, uteremke kwenda kuiona. Watoto watafurahia tramu, na wewe utapata cha kuwasimulia.

SEHEMU YA 8: Tangi linafunikwa

Mwaka 1881 daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alisema homa ya manjano inaenezwa na mbu. Wakamdharau karibu miaka 20. Mwaka 1900 timu ya Walter Reed ikathibitisha kwamba mzee alikuwa sahihi.

Kabla ya hapo, mwaka 1899, New Orleans ilipiga kura kuamua kama walipe kodi ili kujenga mifumo ya maji safi, majitaka na mifereji. Wanawake wa Louisiana walikuwa hawana haki ya kuchagua viongozi, lakini waliokuwa wanalipa kodi ya mali walikuwa wameruhusiwa kupiga kura kwenye mambo ya kodi. Wakajipanga. Walizunguka nyumba kwa nyumba kukusanya kura za wenzao walioona aibu kwenda kituoni wenyewe. Mradi ukapita. Ni kweli, waliokuwa na mali walikuwa Wazungu kwa sehemu kubwa, na mitaa ya Weusi ilisubiri zaidi. Lakini bomba lilianzia hapo.

Julai 1905 homa ikarudi, ikaanzia mitaa ya karibu na French Market. Safari hii hakuna mizinga. Watu walipita nyumba kwa nyumba kufunika matangi kwa wavu, kumwaga mafuta kidogo juu ya maji yaliyotuama ili viluwiluwi vya mbu visipumue, na kufukiza vyumba. Aliyeacha tangi wazi alipigwa faini. Miaka yote ya nyuma homa ilisubiri baridi ndiyo ikome. Mwaka 1905 ilizimwa kabla baridi haijafika. Walikufa zaidi ya 400, na kila mmoja ni mtu wa mtu, lakini linganisha na karibu 8,000 wa 1853. Huo ndio ulikuwa mlipuko wa mwisho wa homa ya manjano Marekani.

Dawa ya kutibu virusi vyenyewe hawakuwa nayo. Mpaka leo hatuna. Chanjo ilipatikana miaka ya 1930, na ndiyo hiyo unayochomwa ukapewa kadi ya njano ya safari. Kilichookoa mji mwaka 1905 ni mifuniko.

Ukiwa na muda, pita mtaa wa Tulane uone jengo la Hospitali ya Charity. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1736 kwa fedha alizoacha baharia wa Kifaransa aitwaye Jean Louis, ili maskini watibiwe. Ilihudumu karibu miaka 270. Kimbunga Katrina kilipopiga Agosti 29, 2005, kingo za kuzuia maji zikabomoka, asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Manesi na madaktari wa Charity walibaki siku kadhaa bila umeme, wakiwapumulisha wagonjwa kwa kubana mfuko kwa mkono, wakipokezana. Nimewahi kubana mfuko ule. Baada ya dakika chache vidole vinaanza kufa ganzi. Wao walifanya kwa siku. Hospitali haikufunguliwa tena.

SEHEMU YA 9: Sasa turudi uani kwako

Mbu wa New Orleans ni Aedes. Mbu anayeleta dengi Dar es Salaam ni Aedes huyohuyo, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Tulimwona kazini mwaka 2014, tukamwona tena 2019. Kwa hiyo haya si mambo ya Wazungu wa zamani.

Shika haya:

Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Mtoto akilala mchana, mshushie chandarua pia.

Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki, siku hiyohiyo kila wiki. Mwaga maji ya zamani kwenye ndoo, visahani vya vyungu vya maua na chombo cha kuku. Tairi bovu, vifuu na makopo yaondoke kabisa.

Kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai yanang'ang'ania ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi. Sugua kwa brashi.

Pipa na simtanki vifunikwe bila upenyo. Kama mfuniko umepasuka, funga kitambaa cha wavu kwa kamba.

Mtoto au mtu mzima akipata homa, usiseme malaria kabla ya kupima. Kama unahisi dengi, usimpe asprini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Panadol kwa kipimo cha uzito wake, maji mengi, uende kituoni. Na kimbia usisubiri ukiona tumbo linauma sana, anatapika mfululizo, anatoka damu fizi au puani, amelegea, au hakojoi. Hatari ya dengi mara nyingi inakuja pale homa inaposhuka, wakati wewe umeshashukuru Mungu kwamba amepona.

Unasafiri nchi yenye homa ya manjano? Chanjo ni siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kama ni mjamzito, au mtoto hajatimiza miezi 9, ongea na mhudumu wa afya kwanza.

Kabla hujalala leo, toka uani na tochi, zunguka nyumba. Hesabu vyombo vyenye maji yaliyotuama, halafu niandikie hapa chini umekuta vingapi. Wanaoishi nyumba za kupanga, gongeeni na jirani mwende pamoja, maana mbu wa pipa la jirani haulizi mlango wa nani.